Sindano Katika Chombo Kisicho Msumari: Mhadhara Juu ya Historia ya Dira



Mwezi wa Machi mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga mbele ya kisiwa cha Msumbiji, mmoja wa waliokuwamo safarini alikuwa na desturi ya kuandika mambo aliyoyaona, na katika kurasa zake, ambazo zimehifadhika hata leo, alieleza kwa maneno machache vyombo vya Waislamu alivyovikuta bandarini: kwamba vilikuwa vikubwa kiasi na vyenye sitaha, kwamba mbao zake zilishikanishwa kwa kamba wala havikuwa na misumari, kwamba matanga yake yalikuwa ya miyaa, na kwamba mabaharia wake walikuwa na sindano za Kigenoa za kuwaongoza njia, na vipimo vya kupimia urefu wa nyota, na ramani za bahari. Akiisha kusema hayo, akaendelea na habari nyingine.

Ningeweza, kama wafanyavyo waandishi wengi, kuanza kwa Wachina na kuteremka karne baada ya karne mpaka nifike kwetu. Na kwa Wachina nitafika, maana haki ya mtu haidhulumiwi. Lakini nimeuchagua mlango wa Msumbiji kwa sababu katika maneno yale ya Mreno vimekaa pamoja vitu viwili ambavyo baadaye vilitengana kabisa: sindano ya chuma iliyofunzwa kuijua kaskazini, na chombo ambacho ubao wake haukuwa na chuma cha kuisumbua. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuitolea ithibati, ni kwamba habari ya dira kwa sehemu kubwa ni habari ya ugomvi baina ya chuma na chuma; na kwamba kuizua sindano ilikuwa kazi nyepesi ukiilinganisha na kazi ya kuyajua makosa yake, iliyowashughulisha wanazuoni na manahodha kwa muda wa karne nane.

Jiwe la sumaku lilikuwa maarufu tangu kale kwa mataifa mengi, kwa ile tabia yake ya kuvuta chuma. Walakini kutambua ya kuwa jiwe hilo, au chuma kilichosuguliwa nalo, kikiachiwa kizunguke chenyewe hutulia kikiwa kimeelekea kaskazini na kusini, hiyo ni ilimu ya pili, na waliotutangulia sote kuiandika ni Wachina. Wang Chong, katika karne ya kwanza Miladi, alitaja kijiko ambacho kikitupwa chini mpini wake huelekea kusini, ingawa wanazuoni hawajaafikiana kama kijiko hicho kilikuwa cha sumaku kweli. Habari iliyo wazi zaidi hupatikana katika kitabu chao cha mambo ya vita cha mwaka 1044, ambamo bamba jembamba la chuma hukatwa kwa umbo la samaki, likatiwa motoni hata likawa jekundu, kisha likatolewa kwa koleo na kuzamishwa majini, mkia ukiwa umeelekezwa kaskazini. Leo twaijua sababu: chuma kilichopashwa moto mkali hupoteza sumaku yake, na wakati kinapopoa huipokea sumaku ya dunia yenyewe, kwa kuufuata upande kilikolazwa. Watu wale sababu hawakuijua, bali kazi yake waliijua barabara.

Mwaka 1088, Shen Kuo, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa dola na mjuzi wa falaki, aliandika ya kwamba mafundi husugua ncha ya sindano kwa jiwe la sumaku, na akazieleza njia za kuiacha sindano hiyo ijizungushe: kuielesha juu ya maji, kuisimamisha juu ya ukucha wa kidole, kuiweka juu ya ukingo wa bakuli, na iliyo bora kuliko zote, kuitundika kwa uzi mmoja wa hariri mpya uliogandishwa katikati yake kwa nta kiasi cha punje ya haradali, mahali pasipo upepo. Kisha akaongeza neno ambalo naomba mliweke akibani kwa sasa: kwamba sindano haielekei kusini sawasawa, bali hupogoka kidogo upande wa mashariki. Na karibu na mwaka 1119, Zhu Yu akaeleza desturi za marubani wa bandari ya Guangzhou, ambao usiku huziangalia nyota, mchana huliangalia jua, na siku ya kiza cha mawingu huiangalia sindano. Tazameni mpango huo: sindano ni ya mwisho, nayo huitwa wakati mbingu zimejifunga.

Huko Ulaya, Mwingereza Alexander Neckam aliitaja sindano ya mabaharia karibu na mwaka 1190, akaitaja kama jambo ambalo mabaharia walikwisha kulizoea. Na katika vitabu vya Waislamu, wa kwanza tumjuaye ni Muhammad al-Awfi, aliyeandika kwa Kiajemi, karibu na mwaka 1232, habari za samaki wa chuma aliyesuguliwa kwa sumaku na kutiwa majini ili awaonyeshe wasafiri njia. Kwa kuzilinganisha tarehe hizo wako waliosema Wazungu ndio waliowafundisha Waarabu, na wako waliosema Waarabu waliipokea sindano kwa Wachina katika biashara ya Bahari ya Hindi wakawafikishia Wazungu, na wako waliosema kila taifa liliizua peke yake. Mimi sioni faida kubwa katika mabishano hayo. Mabaharia hawakuwa watu wa kutunga vitabu, na tarehe ya kitabu hutuonyesha siku ambayo mwenye kalamu alipata habari. Siku ambayo mwenye usukani alianza kazi yake haiandikwi popote.

Afadhali tumsikilize mtu aliyeona kwa macho yake. Baylak al-Qibjaqi, katika kitabu chake cha mawe ya thamani na manufaa yake, alichokitunga mwaka 681 wa Hijria, yaani 1282, asimulia jambo aliloliona mwaka 640, yaani 1242, alipokuwa safarini kutoka Tarabulusi ya Sham kwenda Iskandaria. Usiku unapokuwa wa kiza hata nyota hazionekani, asema, mabaharia huchukua chombo kilichojaa maji wakakiweka ndani ya merikebu mahali palipokingwa na upepo. Hutwaa sindano wakaichomeka katika kijiti au bua hata ikawa kama msalaba, wakaitia majini ikaelea. Kisha hushika jiwe la sumaku la kujaza kiganja, wakalisogeza karibu na uso wa maji na kuuzungusha mkono kwa upande wa kulia, na sindano nayo ikauandama mkono huku inazunguka. Halafu ghafula huuondoa mkono, na sindano ikatulia, ncha zake mbili zikiwa zimeelekea kusini na kaskazini. Abiria asiyejua angedhani ni uganga, na huenda mabaharia hawakuona haya kumwacha adhani hivyo. Lakini kila tendo lilikuwa na maana yake: chuma cha sindano za siku zile hakikuwa kigumu, sumaku yake ilipungua upesi, na jiwe lilipaswa kuchukuliwa safarini ili kuihuisha kila ilipohitajiwa. Baylak huyo huyo aongeza ya kwamba manahodha wasafirio Bahari ya Hindi, mahali pa sindano na kijiti, wana samaki wa chuma chembamba mwenye uwazi ndani, ambaye wakimtia majini huelea, na kichwa chake na mkia wake huonyesha kusini na kaskazini. Na miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1291, al-Ashraf Umar, aliyekuja kuwa sultani wa Yemen katika ukoo wa Rasul, alitunga risala iliyoeleza bakuli la sindano kwa ajili ya kutafutia kibla. Maana sindano iliwafaa watu wa msikitini kama ilivyowafaa watu wa bandarini.

Ikiwa basi sindano ilikuwamo katika bahari yetu tangu zamani hizo, mbona mabaharia wa Bahari ya Hindi fahari yao waliiweka katika nyota na pepo, na kule Bahari ya Mediterania sindano ikasifiwa kana kwamba ndiyo iliyoumba ubaharia? Jawabu, kwa maoni yangu, li juu mbinguni. Katika Mediterania, majira ya baridi ni majira ya mawingu. Tangu enzi za Warumi bandari zilifungwa miezi hiyo, na hofu ya kupotea njia ilikuwa sawa na hofu ya dhoruba. Sindano ilipoingia katika vyombo vyao, na ramani za pwani zikachorwa kwa kuifuata, ikawezekana kusafiri pasipo kuliona jua, na kufikia mwisho wa karne ya 13 misafara ya Venisi iliweza kwenda Mashariki mara mbili kwa mwaka mahali pa mara moja. Huko sindano iliigeuza kalenda ya biashara. Kwetu kalenda ilikuwa mikononi mwa kaskazi na kusi, na hakuna sindano iwezayo kuugeuza upepo. Aliyechelewa msimu alikaa pwani hata msimu mwingine, angekuwa na dira kumi. Na kaskazi, ambayo ndiyo iletayo majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, aghalabu huvuma chini ya mbingu safi, na nyota zake zi dhahiri kwa anayezijua.

Na waliozijua walizijua kwelikweli. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, alikamilisha karibu na mwaka 1490 kitabu chake kikubwa cha misingi ya ilimu ya bahari, ambamo duara la upeo limegawanywa sehemu 32, kila moja ikiwa na digrii 11 na robo, na kila sehemu ikapewa jina la nyota inayochomoza au kutua upande huo: kaskazini ni Jaha, kusini ni Kutubu, na baina yake, upande wa matlai na upande wa magharibi, zimepangwa nyota 15, wamo Farakadani, na Nashi, na Ayuki, na Thurea, na Tairi, na Akrabu, na Suheli, hata ukamaliza duara. Mgao huo wa nyota ndio aliouandika pia juu ya dira yake, na ukiuchunguza kwa hesabu ya falaki utaona jambo la ajabu: nyota nyingi hazichomozi hasa mahali palipoandikwa majina yao. Tairi, ambayo imepewa mashariki, huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki ya kweli. Mwenye kitabu alilijua hilo. Nyota ile ilikwisha kuwa jina la sehemu ya duara, na duara lilikwisha kushikwa na sindano; hivyo rubani aliposema elekeza chombo matlai ya Suheli, mshika usukani hakuinua macho kuitafuta Suheli, aliinama juu ya dira. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaodhani ya kuwa mabaharia wetu walitumia nyota kwa kutoijua sindano.

Ibn Majid alijisifu ya kuwa namna ya kuiweka sumaku juu ya kisanduku cha dira ilikuwa uvumbuzi wake. Nayo asili ya jiwe lenyewe aliipandisha hadi kwa Nabii Daudi, akisema kuwa ndilo jiwe lililomwua Jaluti. Mtu mkubwa hakosi kujivuna kidogo. Zamani ilisemwa, na bado husemwa katika baraza nyingi, kwamba yeye ndiye rubani aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 hata wakatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Wanazuoni waliochungua wamelitilia shaka kubwa neno hilo, na mimi ni pamoja nao. Barros, mwandishi wa tarikhi wa Kireno, amtaja rubani huyo kuwa Mwislamu wa Gujarat, na asimulia ya kwamba Da Gama alipomwonyesha chombo chake cha kupimia jua, rubani hakushangaa hata kidogo, akasema marubani wa Bahari ya Sham wana vyao vya shaba.

Ipo sehemu moja ya njia ambapo sindano ilikuwa na haki ya kusifiwa hata katika bahari hii. Rubani aliyeshuka kutoka Arabuni aliipima safari yake kwa vidole, akiangalia Jaha imepanda vidole vingapi juu ya upeo. Na kadiri alivyoteremka kusini ndivyo Jaha ilivyoshuka, hata akikaribia pwani ya Benadiri na mstari wa ikweta ikagusa maji na kupotea. Kutoka hapo hata Mombasa, Unguja, Kilwa na Sofala hakuna nyota iliyosimama juu ya ncha ya kusini kuchukua mahali pake. Palikuwa na hesabu ya Farakadani na Nashi, nayo ilitaka saa maalumu na msimu maalumu. Sindano haikujali mstari wa ikweta.

Hapa pwani palipita pia dira ya namna nyingine. Merikebu za Wachina zilizotumwa na wafalme wa Ming chini ya amiri wao Zheng He, baina ya 1405 na 1433, zilifika Mogadishu na Malindi, na twiga aliyepelekwa na Malindi alifikishwa Uchina mwaka 1415. Marubani wao waliielesha sindano majini na kuligawa duara sehemu 24, na njia zao waliziandika kwa kutaja sehemu ya sindano na muda wa kuifuata. Ramani iliyochapwa Uchina karne mbili baadaye bado yaonyesha Mombasa na Malindi pamoja na maelekezo ya namna hiyo. Basi katika maji yale yale ya Malindi, karne ile ile ya 15, zilipita hesabu ya 24 na hesabu ya 32, na kila moja ilimfikisha mwenyewe alikokwenda.

Sasa nirejee kwenye kamba na misumari. Vyombo vya kushona ni vya kale sana pwani hii; mwandishi wa Kiyunani aliyeieleza biashara ya bahari hii katika karne ya kwanza asema mji wa Rhapta ulipewa jina lake kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Watu wa mbali walivishangaa, wakatafuta sababu, na iliyowapendeza zaidi ni ile ya mlima wa sumaku: kwamba upo mlima baharini ambao chombo chenye misumari kikiukaribia misumari yote huchomoka na kuurukia, mbao zikatawanyika, na watu wakafa maji. Hadithi hiyo ilizunguka dunia nzima na kuingia katika Alfu Lela Ulela. Katika karne ya sita Procopius, mwandishi wa Kirumi, alikwisha kuikanusha kwa hoja ya mtu mzima: merikebu za Warumi katika bahari hiyo hiyo zina chuma tele wala hazikupatwa na neno. Ila naye alikosea alipodai ya kuwa sababu ni ukosefu wa chuma. Maana al-Idrisi, mwaka 1154, aeleza ya kwamba watu wa Malindi wana madini ya chuma na ndiyo biashara yao kubwa, na chuma cha Sofala kilipelekwa Bara Hindi kwa sifa ya ubora wake. Waliokuwa wakikiuza chuma ng'ambo hawakushindwa kufua msumari. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ndiye aliyesema la kuaminika: bahari hii ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba za makumbi hunepa na kusalimika.

Faida ya pili ya kamba, ambayo hakuna aliyeikusudia, ilikuwa ya sindano. Dira iliyowekwa katika mtepe, yaani chombo cha kushona cha pwani hii, haikuwa na msumari kulia wala kushoto kwake. Sisemi hapakuwa na chuma kabisa, maana visu vilikuwamo, na chombo kilichopakia chuma cha Sofala katika ngama yake kilibeba mpotoshaji mkubwa. Lakini mwili wa chombo wenyewe, tangu omo hata tezi, haukuwa na uadui na sindano.

Ushahidi wa uadui huo ulipatikana, kwa sadfa isiyo na mfano, katika kisiwa kile kile cha Msumbiji. Mwezi wa Agosti 1538 merikebu za Wareno zilizokuwa zikienda Bara Hindi zilisimama hapo, na mmoja wa manahodha wake, João de Castro, alikuwa na kazi ya kupima katika kila kituo ni kwa kiasi gani sindano inapogoka na kaskazini ya kweli, kwa kulinganisha kivuli cha jua cha asubuhi na cha alasiri. Ule mpogoko alioutaja Shen Kuo miaka 450 kabla yake sasa ulikuwa jambo la kupimwa kwa digrii, na Wareno walikuwa wameona kwamba haulingani mahali na mahali. Huko Msumbiji de Castro aliona vipimo vyake havipatani hata mahali pamoja, akatafuta sababu, akaiona karibu naye: mzinga wa chuma uliokuwa jirani ulikuwa ukiivuta sindano. Neno hilo aliliandika katika daftari lake, na daftari likakaa kimya kwa muda mrefu bila kusomwa na waliolihitaji.

Makosa yatokayo katika dunia yenyewe yalishughulikiwa kwanza, nami nitayapitia upesi. Robert Norman, fundi wa dira wa London, alichapisha mwaka 1581 ya kwamba sindano iliyotundikwa sawa huinamisha ncha yake chini, akaipima hapo London digrii 71 na dakika 50. William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth, akachonga mpira wa jiwe la sumaku, akapitisha sindano ndogo juu yake, na mwaka 1600 akatangaza ya kuwa dunia nzima ni sumaku moja kubwa. Kwa hiyo sindano haivutwi na nyota ya Jaha, kama wengi walivyodhani, wala na mlima wowote wa baharini. Alidhani pia ya kuwa mpogoko wa mahali pamoja haubadiliki milele. Henry Gellibrand akapima mwaka 1634 akakuta ule wa London, uliokuwa zaidi ya digrii 11 mashariki mwaka 1580, umepungua hadi digrii 4 hivi. Dunia ni sumaku isiyotulia. James Clark Ross alipoifikia ncha ya sumaku ya kaskazini katika visiwa na ghuba za Kanada, tarehe 1 Juni 1831, alisimika bendera mahali ambapo ncha yenyewe haikukaa. Tangu siku hizo imehama mwendo mrefu kuelekea Siberia.

Makosa yatokayo katika chuma cha merikebu yalichelewa kueleweka, kwa kuwa merikebu za mbao zilikuwa na chuma kidogo na manahodha walizoea kusema kwamba dira ni mbovu. Matthew Flinders, alipoizunguka Australia katika merikebu Investigator baina ya 1801 na 1803, aliona kosa la dira hubadilika kila merikebu inapogeuza omo yake, na ya kuwa katika nusu ya kusini ya dunia kosa hugeuka likawa kinyume cha lile la kaskazini. Hapo akafahamu ya kuwa chuma kilichosimama wima melini hugeuzwa kuwa sumaku na dunia yenyewe. Habari hizo alizituma London akiwa mfungwa wa Wafaransa katika kisiwa cha Morisi, hapa hapa katika Bahari ya Hindi, alikozuiliwa tangu 1803 hata 1810. Nazo zilisomwa mbele ya wanazuoni mwaka 1805, naye bado kifungoni. Kipande cha chuma kinachosimamishwa mbele ya dira kusawazisha kosa hilo huitwa kwa jina lake hata leo.

Kisha zikaja meli ambazo mwili wake wote ni chuma, na hapo ugomvi ukawa vita. Meli ya chuma, inapojengwa, hupigwa nyundo maelfu kwa maelfu ikiwa imelazwa upande mmoja, na kila pigo huifanya ipokee sumaku ya dunia, hata ikashushwa majini ikiwa yenyewe ni sumaku, na sindano iliyo ndani yake haijui imtii nani. George Airy, mnajimu mkuu wa serikali ya Uingereza, alipewa meli iitwayo Rainbow mwaka 1838, akaizungusha pande zote huku akipima, kisha akapanga vipande vya sumaku na vya chuma kuzunguka dira hata kosa likatoweka. Wenye meli wakafurahi. William Scoresby, aliyekuwa nahodha wa kuvua nyangumi kabla ya kuwa kasisi, akaonya ya kuwa sumaku iliyopatikana kwa nyundo za kiwandani itabadilishwa na nyundo za mawimbi, na ya kuwa dira iliyosawazishwa bandarini itadanganya baharini. Mwezi wa Januari 1854 meli mpya ya chuma Tayleur ilitoka Liverpool kwenda Melbourne katika safari yake ya kwanza. Dira zake, zilizokwisha kusawazishwa, zikapingana, na baada ya siku mbili tu meli ikapanda miamba ya kisiwa cha Lambay, karibu na Dublin, wakafa zaidi ya watu 300. Scoresby, ambaye alikuwa mzee, akapanda meli ya chuma Royal Charter mwaka 1856 akaenda nayo Australia ili kuipima sumaku yake njiani, na vipimo vyake vikamthibitishia maneno yake. Ushauri wake ulikuwa dira nyingine iwekwe juu mlingotini, mbali na chuma. Nikiulizwa nani alikuwa na haki, nitasema ni Scoresby katika hoja na Airy katika kazi, kwa sababu njia ya Airy ndiyo iliyoshinda, ila kwa sharti ambalo Scoresby ndiye aliyelilazimisha, la kuipima dira upya mara kwa mara. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alivikusanya vyote katika dira yake ya mwaka 1876, yenye sindano ndogo nyepesi zilizofungwa kwa nyuzi za hariri, na mipira miwili ya chuma kulia na kushoto ya kisanduku chake. Mipira hiyo mtu yeyote aliyepanda meli kubwa amewahi kuiona, pengine bila kujua kazi yake.

Katika miaka ile ile ambayo hatimaye sindano ilifunzwa kuishi ndani ya chuma, vyombo visivyo na chuma vilikuwa vinatoweka. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Bajuni haukuonekana tena baada ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, na jahazi lililobaki lilikuwa la misumari, na baadaye la mashine. Wajerumani na Wamarekani nao walikwisha kutengeneza dira isiyohitaji sumaku, ya gurudumu linalozunguka kwa umeme na kujielekeza kwenye kaskazini ya kweli: Hermann Anschütz-Kaempfe mwaka 1908, na Elmer Sperry miaka mitatu baada yake. Hiyo haisumbuliwi na chuma hata kidogo. Walakini umeme wa meli huweza kukatika, na kwa hiyo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unaagiza meli iwe na dira ya sumaku iliyorekebishwa sawasawa, au kifaa kingine kisichotegemea umeme. Na karibu na usukani wa meli hiyo hubandikwa karatasi yenye jedwali la makosa yaliyosalia katika dira yake, digrii kwa digrii, kwa kila upande ambao omo huelekea.